Naomba ushauri: kufundisha kanuni za usimamizi wa kikundi kwa kutumia hadithi za watoto

Mama wa Igombe aliandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake 14 hapa Igombe, Mwanza. Tunanunua dagaa wabichi alfajiri mitumbwi inapoingia mwaloni, yaani ufukoni inakoshushia samaki, tunawaanika, na wakikauka tunawauza kwa wafanyabiashara wanaowapeleka soko la Mwaloni Kirumba. Wengi wetu tuliishia darasa la saba, na wawili hawakupata bahati ya kwenda shule kabisa.

Mwezi uliopita kikundi kilinituma kwenye mafunzo ya siku mbili ya usimamizi. Mkufunzi alikuwa mtu mwema na mwenye maarifa. Alitueleza kupanga, kugawa kazi, kuratibu na kufuatilia, nami nikaandika kurasa 11. Niliporudi niliwakusanya wenzangu chini ya mwembe nikawasomea kurasa zote. Walinisikiliza kwa heshima, wakanishukuru, lakini juma lililofuata nilipouliza ni nini tulichojifunza kuhusu mgawanyo wa majukumu, palikuwa kimya.

Siku tatu baadaye wingu lilipanda kutoka ziwani yapata saa nane mchana, tukiwa tumeanika dagaa wa ndoo 30. Wenzangu watano ndio waliokuwa pale mwaloni. Kila mmoja alimwona mwenzake amesimama karibu na turubai, akaamini kwamba huyo ndiye atakayeikunjua afunike dagaa, naye akaendelea na alichokuwa akifanya. Mvua ilipokatika, zaidi ya nusu ya mzigo ilikuwa imelowa na kushikana na mchanga, ikabidi tuwauzie watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Hakuna aliyekuwa mvivu kati ya wale watano, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Jioni hiyohiyo tuliitisha kikao cha dharura, tukapitisha kwamba kila mmoja wao alipe faini ya shilingi 5,000.

Usiku ule nilikuwa nikimsimulia binti yangu wa miaka 7 ile hadithi ya wanyama waliochimba kisima wakati wa ukame. Mnaifahamu: Sungura alikataa kuchimba, akadai kwamba yeye umande unamtosha, na kisima kilipokamilika wanyama wakaamua kwamba asiyechimba hanywi. Binti yangu akanikatiza, akauliza, "Mama, walimwambia Sungura kabla hawajachimba, au baada ya kumaliza?" Nilinyamaza, kwa sababu faini yetu nasi tulikuwa tumeipitisha baada ya mvua.

Tangu usiku huo nimekuwa nikifikiri kwamba yale niliyoshindwa kuyafikisha kwa kurasa 11 huenda yakafika kwa njia ya hadithi. Naomba mnisaidie: ni hadithi zipi zinazofaa kufundishia kanuni za mwanzo za usimamizi, na ninawezaje kuzitumia bila wanawake wazima, wengine wakiwa na wajukuu, kuona kwamba nimewageuza watoto wa chekechea?

Mwalimu Mstaafu, Kisesa, alijibu:

Mama mwenyekiti, pole sana kwa mzigo uliolowa. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka 34, na ningependa kuanza na hofu yako ya mwisho, kwa kuwa ndiyo itakayokuzuia usianze. Hadithi hizi tunaziita za watoto kwa sababu siku hizi ni watoto peke yao wanaosimuliwa. Kwetu Usukumani vijana waliokwisha kubalehe na wazee wao walikaa pamoja kwenye moto wa jioni, shikome, na pale ndipo mambo ya kaya, ng'ombe na mashamba yalipozungumzwa, hadithi zikiwa katikati ya mazungumzo hayo. Kwa hiyo huwashushi wenzako hadhi. Unachopaswa kuepuka ni sauti ya kumwimbia mtoto, na pia ile tabia yetu walimu ya kumaliza hadithi kwa kuuliza, "Tunajifunza nini?" Mtu mzima akiulizwa hivyo anajibu kile unachotaka kusikia, na hapo somo limekwisha.

Mimi nilikuwa nikiikata hadithi katikati. Chukua ile ya panya waliokutana kujadili paka. Panya mmoja anatoa wazo kwamba paka afungwe kengele shingoni ili wamsikie anapokuja, na ukumbi mzima unashangilia. Nyamaza hapo. Usifike kwa yule panya mzee anayeuliza nani atamfunga paka kengele, maana swali hilo sote tunalijua kama msemo, na msemo unaojulikana mno hauumizi tena kichwa. Waulize wenzako, "Mngekuwa ninyi katika kikao kile, kabla ya kufunga mngetaka nini kiandikwe kwenye daftari?" Waache wabishane. Watataja jina la mhusika, siku, kifaa, na nini kifanyike akishindwa, na hayo ndiyo aliyokueleza mkufunzi wako, ila sasa yatakuwa yametoka vinywani mwao.

Ukiwa na kikundi kinachotaka kufanya kila kitu kwa wakati mmoja, leo dagaa, kesho sabuni, keshokutwa ushonaji, ipo ya fisi aliyesikia harufu ya nyama kwenye njia panda, akapeleka miguu ya kulia huku na ya kushoto kule hadi akapasuka. Hiyo haihitaji maelezo.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote kwa jambo lako, hata hivyo, ni ya kwetu, ya Masala Kulangwa na jitu Shing'weng'we. Katika masimulizi niliyolelewa nayo, jitu lilimeza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akajifungua mtoto wa kiume, na mtoto alipopata akili akauliza watu wengine wako wapi. Alipoelezwa, akaingia porini kumtafuta adui. Akarudi na panzi: "Mama, ndiye huyu?" Mama akamwambia siye. Akarudi na ndege, akarudi na mnyama, na kila mara aliuliza kwanza. Watoto darasani walikuwa wakicheka kwenye panzi, lakini mimi naona usimamizi mzuri pale. Yule kijana hakuona haya kurudi kwa mwenye taarifa kabla ya kutangaza kwamba kazi imekwisha. Ni vikundi vingapi vimeua panzi vikafanya sherehe?

Mwishowe akalipata jitu lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu na ng'ombe wakatoka wakiwa hai. Wasimuliaji wengi siku hizi huishia hapo, wakati hadithi inaendelea. Kisu kilipokuwa kikipasua kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Kijiji kizima kinashangilia, bibi anavuja damu, na hasira yake ni kubwa kiasi cha kutaka kumroga mwokozi wake. Masala Kulangwa hakumwambia, "Bibi, shukuru uko hai." Alikwenda kutafuta dawa, akamtibu, akamwomba radhi, wakapatana. Mama mwenyekiti, kila badiliko jema mtakalolifanya hapo mwaloni litamkata mtu sikio. Siku mtakayobadilisha utaratibu wowote, tazama ni nani anayevuja damu wakati wengine wanapiga vigelegele.

Mhadhiri aliandika:

Ninafundisha menejimenti chuoni hapa Mwanza, na nimesoma maelezo ya Mwalimu kwa furaha. Ningependa kuongeza machache, mengine yakiwa ya tahadhari.

Kanuni ulizofundishwa kwa sehemu kubwa zinatokana na Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa, aliyekabidhiwa kampuni iliyokuwa karibu kufilisika mwaka 1888, akaisimamisha tena, na mwaka 1916 akachapisha kanuni 14 alizozipata katika kazi hiyo. Mgawanyo wa kazi umo, kupokea amri kutoka kwa mkubwa mmoja umo, na mamlaka kwenda sambamba na wajibu umo pia. Nalieleza hili kwa sababu wengi wanaokwenda mafunzoni hudhani kwamba kanuni hizo ni mali ya wasomi. Zilitoka kwa mtu aliyekuwa na wachimbaji, makaa ya mawe na madeni, na mwenyewe alisisitiza kwamba si sheria ngumu, tena idadi yake haina kikomo. Anayezitazama kanuni hizo kupitia dagaa na turubai hajafanya jambo geni.

Tahadhari yangu inamhusu Sungura. Tunampenda kwa sababu ni mdogo na anawashinda wakubwa, lakini njia yake ni hila, na katika kikundi chenye sanduku la fedha hila hiyo ina jina lake. Ukiisimulia hadithi ya kisima hadi mwisho, wasikilizaji watatoka wakimsifu mwizi au wakimlaani mwizi, na hakuna kati ya hayo linalosaidia usimamizi. Simama mahali ambapo hawasimami watu: pale kwa Fisi, mlinzi wa kwanza. Fisi aliwekwa peke yake, usiku, bila zamu, bila wa kumkagua, akalinda kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa na kiu nacho. Sungura akaja na asali, Fisi akakubali kufungwa kamba ili alambishwe, na maji yakaibwa mbele ya macho yake. Wanyama walimlaumu Fisi. Waulize wenzako kama utaratibu ule ungemfaa mlinzi yeyote. Kwenye vikundi vya kuweka na kukopa sanduku hufungwa kwa kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu, nao waliochaguliwa kuzishika hawakushukiwa wizi. Utaratibu ule unamwondolea kila mmoja wao nafasi ya kujaribiwa, hata aliye mwaminifu kabisa.

Lingine ni hesabu. Hakuna hadithi itakayokueleza ni ndoo ngapi za dagaa wabichi zinazozaa gunia moja la wakavu, na kikundi kisichojua hesabu hiyo kwa majira ya jua na kwa majira ya mvua hakiwezi kujua kinunue kwa bei gani. Nimewahi kuona semina nzuri za hadithi zilizowaacha watu wamechangamka sana na daftari likiwa tupu. Tafadhali kila hadithi iishie kwenye ukurasa wa daftari, siku hiyohiyo, kabla watu hawajatawanyika.

Mama Kirumba aliandika:

Dada yangu, naomba uniruhusu nikueleze yaliyotupata, maana wenzangu waliotangulia wamezungumzia uzuri wa hadithi na mimi nimeonja uchungu wake.

Kikundi chetu cha awali kilikuwa na mwenyekiti fundi wa maneno. Mweka hazina alichelewesha marejesho mara mbili, na katika mkutano uliofuata mwenyekiti alifungua kwa hadithi ya Fisi aliyepewa bucha alinde. Hakutaja jina la mtu. Lakini sote tulijua Fisi ni nani, na yule mama alijua kwamba tunajua. Alikaa pale amejifunika kanga hadi machoni mpaka mkutano ulipokwisha, na hakurudi tena. Baadaye tulikuja kufahamu kwamba alikuwa akimuuguza mumewe, na fedha zote zilirudi mpaka senti ya mwisho. Laiti angeulizwa wazi, angejibu wazi. Hadithi ilimnyima nafasi ya kujitetea, kwa sababu mtu hawezi kusimama na kusema "Mimi si fisi" bila kukubali kwamba ndiye aliyesemwa.

Sisi watu wa Kiswahili tunajua fumbo ni nini. Hadithi ikisimuliwa baada ya kosa inageuka kijembe, hata kama msimulizi hana nia hiyo. Kwa hiyo nakuomba, hadithi zisimuliwe wakati wa amani, na msimulizi asiwe wewe peke yako. Mtu akikosea, mwite pembeni umuulize kwa jina lake.

Nahodha wa Kayenze aliandika:

Nawasalimu. Mimi navua dagaa mwaka wa 16 sasa, na nimeona niseme kidogo kuhusu ile mvua.

Mtumbwini, kabla hatujaondoka mwaloni, kila mtu anajua mahali pake: wa taa, wa kuvuta wavu upande huu na upande ule, wa kuchota maji. Taa zikishawakusanya dagaa, sauti inabaki moja. Nikisema "vuta," hata kama mmiliki mwenyewe amepanda nasi siku hiyo, anavuta. Nimefanya kazi kwa tajiri mmoja aliyekuwa akipiga simu usiku akiwa kitandani, akiwaambia vijana wahamishe taa wakati mimi nimewaambia watulie. Usiku mmoja nusu ya vijana walimtii yeye na nusu wakanitii mimi, wavu ukapanda umepinda, tukarudi na ndoo 4. Wahenga waliliona hilo zamani waliposema manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Swali langu kwako, Mama mwenyekiti, ni hili. Tuseme mnamweka mtu wa zamu ya mvua. Wingu likipanda, je, ana ruhusa ya kukuamrisha wewe? Anaweza kusema, "Mama, acha hilo, shika upande huu," nawe ukashika bila kununa? Kama hawezi, basi mmempa lawama bila kumpa mamlaka, na siku ya mvua ataogopa kupaza sauti mbele ya wakubwa wake.

Mama wa Igombe alirudi:

Ndugu zangu, wabeja sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nijaribu kwanza. Nilisubiri siku za mbalamwezi, ambapo mitumbwi ya dagaa hailali ziwani nasi hatuna mzigo, ili watu wakae bila kutazama jua. Kwa kufuata onyo la Mama Kirumba, kwanza tulifuta ile faini, nikawaomba radhi wale watano mbele ya wote, kisha nikamwomba mwanachama wetu mzee kuliko wote atusimulie hadithi ya panya. Alianza kwa "Paukwa!" na wote wakaitikia "Pakawa!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia katika mikutano yetu. Nilikuwa nimekubaliana naye asimame pale kwenye shangwe.

Nilitarajia watajadili nani angefaa kumfunga paka. Mwanachama mmoja ambaye hakusoma kabisa, na ambaye kwa miaka miwili sikumbuki kama amewahi kuomba nafasi ya kuzungumza, akauliza, "Kengele yenyewe walikuwa nayo?" Tukanyamaza. Akaendelea: siku ile ya mvua tulikuwa na turubai 2, na dagaa wa ndoo 30 hawafunikwi na turubai 2, kwa hiyo hata angekuwepo mtu wa zamu mwenye mbio kuliko swala, bado wangelowa. Tulikuwa tumetoza watu faini kwa kazi ambayo isingewezekana. Kurasa zangu 11 zilikuwa na sehemu nzima kuhusu rasilimali, nami niliwasomea, lakini sikuwahi kuhesabu turubai.

Mkutano ulichukua saa tatu. Tumenunua turubai 4 mpya kwa fedha ya akiba, tumeandika zamu ya mwezi mzima, na tumekubaliana kwamba mwenye zamu anafunga kilemba chekundu ili aonekane kutoka mbali, na neno lake wakati wa wingu ni amri kwa kila mtu, mimi nikiwemo. Wenzangu wamempa jina la Kengele. Asubuhi tukifika mwaloni swali la kwanza ni, "Kengele leo ni nani?" Hesabu ya ndoo na magunia nayo tumeianza, ingawa ni mapema mno kusema lolote kwa kuwa tumeandika majuma mawili tu.

Alhamisi iliyopita wingu lilipanda tena. Kengele alikuwa msichana wa miaka 19, mdogo kuliko sote, na mimi nilikuwa nikizungumza kwa simu na mnunuzi wa Kirumba. Nilimsikia akiita majina, kisha akaniita mimi: "Mama mwenyekiti, simu baadaye, shika pembe ya huku!" Sauti yake ilitetemeka kidogo, lakini alisema. Nilishika. Walilowa dagaa wa pembeni tu, wasiojaza hata ndoo moja.

Sasa limebaki la sikio. Zile turubai 2 za zamani zilikuwa za bibi mmoja mwanachama wetu ambaye magoti hayamruhusu tena kufanya kazi ya kuanika, nasi tulikuwa tukimlipa shilingi 1,000 kwa kila moja kila siku ya kazi. Tangu tununue zetu, zake zimekunjwa kwenye pembe ya nyumba yake na hatujamlipa kitu. Katika shangwe ile yote hakuna aliyelitaja, naye hakusema neno. Niligundua jana tu nilipopitia daftari la malipo. Wanachama wawili wanapendekeza awe mshika daftari la ndoo, kwa kuwa anajua kuandika vizuri na kazi hiyo hufanyika kwa kukaa, na alipwe kiasi kilekile. Kesho asubuhi, kabla mitumbwi haijaingia, nitakwenda kwake kumuuliza yeye mwenyewe anaonaje.